"Dokta, Naomba Uondoe Jina Langu"

Mwezi uliopita nilipokea barua pepe fupi kutoka kwa mwalimu kijana niliyemsimamia katika tasnifu yake ya shahada ya kwanza ya ualimu. Alianza kwa shikamoo, akauliza hali ya familia, kisha akalitoa ombi lake kwa sentensi moja: "Dokta, naomba uondoe jina langu kwenye ile makala." Makala yenyewe ilikuwa imekwisha kupita kwa wahakiki wawili, tulikuwa tumeisahihisha mara tatu, na mhariri alikuwa ametuarifu kwamba itatoka katika toleo lijalo la jarida. Sababu yake ilikuwa moja. Ameitwa kwenye usaili wa ajira ya ualimu serikalini, na mjomba wake, mtumishi wa siku nyingi katika halmashauri, amemwonya kwamba mtu anayeandika mabaya ya shule za serikali asitarajie kuajiriwa na serikali hiyohiyo.

Sikumjibu siku ile, wala siku ya pili. Nimewafundisha walimu tarajali kwa zaidi ya muongo mmoja, na katika muda huo nimewahubiria sana juu ya kuwasilisha na kuchapisha matokeo ya utafiti wao. Nimewafundisha kuandika ikisiri, kupanga marejeleo, kujibu hoja za wahakiki bila hasira. Sikuwahi hata siku moja kukaa na mwanafunzi nikamweleza kwamba kuchapisha ni kusimama hadharani na jina lako, na kwamba gharama ya kusimama hadharani ni ndogo kwa mtu mwenye ajira ya kudumu kama mimi kuliko kwa kijana anayeisubiri.

Nimepata ruhusa yake kuyaandika haya. Nimebadilisha somo alilofundisha na mambo mengine machache ili asitambulike.

Makala hiyo inasema nini hata iogopwe? Binti huyu alikwenda kufanya mafunzo ya ualimu kwa vitendo katika shule ya sekondari ya kata, akapangiwa Jiografia kidato cha kwanza. Wanafunzi wake walikuwa wametoka shule za msingi za serikali walikosoma kila kitu kwa Kiswahili, na sasa walitakiwa kusoma masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe, kwa Kiingereza. Shuleni hapo mwanafunzi aliyesikika akizungumza Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake kwa kosa hilohilo amvishe. Wengi wetu tuliopita sekondari tunakijua kibao hicho, na tunakisimulia kwa vicheko tukikutana kwenye sherehe. Yeye alifungua daftari. Kila kipindi akawa anaandika ni nani ameuliza swali, nani amejibu, kwa lugha gani, na nani hakufungua kinywa. Jioni akazungumza na wanafunzi, kwa Kiswahili, chini ya mti nje ya uzio. Alichokiona ni kwamba waliovishwa kibao waliacha kunyoosha mikono darasani, na kimya hicho hakikuondoka kibao kilipohamia kwa mwingine. Kilibaki, kikawaenea na waliokaa nao dawati moja.

Sina shaka kwamba hayo ni matokeo yenye thamani. Ni madogo, ya shule moja, ya wiki chache, na yeye mwenyewe anakiri hivyo katika makala. Lakini ni jambo ambalo afisa kutoka makao makuu akija na dodoso hawezi kuliona, kwa sababu siku ya ugeni kibao huwekwa kabatini.

Sasa tazama tulichomfanyia chuoni. Tasnifu yake ilikuwa na kurasa sabini. Kurasa arobaini na kitu zilikuwa za nadharia, fasili za istilahi na mapitio ya machapisho, tena mengi yakihusu nchi ambazo hajawahi kufika. Daftari lake, ambalo ndilo utafiti wenyewe, lilipewa kurasa nne. Nani aliyemwambia apange hivyo? Mimi. Nilimpa mwongozo wa idara, nikampa tasnifu ya mwaka uliotangulia aitumie kama kielelezo, nikamsahihisha sarufi. Siku ya kuwasilisha mbele ya jopo alisimama na slaidi zilizojaa maneno, akazisoma kwa Kiingereza tangu ya kwanza hadi ya mwisho bila kuinua uso. Mwenzangu mmoja akamuuliza kwa nini sampuli yake ni ndogo. Jibu alikuwa nalo, kwani tulikuwa tumelizungumza mara nyingi ofisini kwangu kwa Kiswahili. Pale mbele hakuweza kulitoa. Alisimama kimya, jopo likasema "asante," akaketi. Mtu aliyetafiti namna watoto wanavyonyamazishwa kwa lugha alinyamazishwa na lugha ileile mbele ya macho yangu, nami nikampa alama B.

Nilichelewa kuelewa. Baada ya yeye kuhitimu ndipo nilipompigia simu nikamwomba turudi kwenye daftari.

Kazi ya kumlea mwalimu tarajali katika uandishi ni ya polepole kuliko inavyodhaniwa, na sehemu yake ngumu kabisa ni kumfundisha kutupa. Mwanafunzi aliyelipiwa kwa fedha za mkopo kuandika kurasa sabini hakubali kwa urahisi kwamba makala inahitaji kumi na mbili, na kwamba ile sura ya pili aliyoitolea jasho haitakiwi tena. Tulibishana juu ya hilo kwa wiki tatu. Nilimwomba aniandikie aya moja tu, kwa Kiswahili, kana kwamba anamwandikia dada yake ambaye naye ni mwalimu: uliona nini, ulijuaje kwamba ndivyo kilivyo, na kwa nini mtu mwingine ajali. Aya aliyoniletea ilikuwa bora kuliko tasnifu nzima. Tuliijenga makala kuizunguka aya hiyo. Maoni ya wahakiki yalipokuja, mmoja akiwa mpole na mwingine akiwa mkali kupita kiasi, alilia, kisha akataka kuacha. Nilimtumia maoni niliyowahi kupewa mimi mwenyewe miaka iliyopita kwa makala iliyokataliwa. Nadhani hayo yalimsaidia kuliko mhadhara wowote niliompa.

Kabla ya jarida, hata hivyo, nilimtaka arudi shuleni. Hapa nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu wanauona wa ajabu: utafiti wa mwalimu tarajali usichapishwe popote kabla haujawasilishwa kwa walimu wa shule ulikofanyika. Tunachukua barua ya chuo, tunaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, inafika kwa mkuu wa shule. Tunaingia, tunachukua data, tunaondoka. Njia ya kwenda imejaa mihuri. Njia ya kurudi haipo.

Mkuu wa shule mwanzoni alikataa. Alisema, "Mnataka kuja kutuchafua." Alikubali tulipomhakikishia kwamba jina la shule, la kata na la wilaya hayatatajwa, na kwamba walimu wake watasikia kila kitu kabla ya mtu mwingine. Binti alisimama katika ofisi ya walimu, bila slaidi, akazungumza kwa Kiswahili kwa dakika ishirini, akisoma hapa na pale kutoka daftarini. Nilikuwa nimeketi nyuma, karibu na birika la chai. Sikumtambua. Walimu walimbishia. Mmoja alisema bila kibao Kiingereza kitakufa kabisa pale shuleni. Mwalimu wa Kemia, mtu mzima anayekaribia kustaafu, alisema yeye mwenyewe alivishwa kibao akiwa kidato cha pili na tangu siku ile hakupenda tena somo la Historia, ambalo ndilo alilokuwa akilisubiri kwa hamu kila wiki. Swali la sampuli lilirudi palepale, safari hii kutoka kwa mwalimu wa taaluma, na binti akalijibu kikamilifu: hadai kwamba shule zote ziko hivyo, anaeleza namna jambo linavyotokea mahali linapotokea, na yeyote mwenye daftari anaweza kwenda kutazama kama kwake ni hivyo au sivyo.

Sitasema kwamba kibao kimetoweka. Mwalimu wa zamu alikitia kwenye droo siku ile. Nini kimetokea baadaye sijui. Lakini walimu walimwomba awaandikie mukhtasari wa kurasa mbili, kwa Kiswahili, waujadili katika vikao vyao vya MEWAKA, yaani yale Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Kurasa hizo mbili zimesomwa na walimu wengi kuliko watakaoisoma makala ya jarida. Makala ni ya Kiingereza, na hapo pana aibu nyingine: majarida yetu ya Kiswahili kama Mulika na Kioo cha Lugha kwa sehemu kubwa ni ya lugha na fasihi, na mwalimu wa Jiografia anayetaka kuandika kitaaluma kwa Kiswahili juu ya darasa lake hana pa kupeleka.

Kuna wanaoniuliza, hayo yote ya nini? Suala la lugha ya kufundishia limetafitiwa hadi limechosha. Criper na Dodd walisema mwaka 1984 kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wetu wa sekondari hakitoshi kujifunzia masomo mengine. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro waliandika kitabu kizima mwaka 1997. Sera haikutikisika. Daftari la binti mmoja litafanya nini? Pengine halitafanya lolote kwenye sera. Lakini wale walikuwa wataalamu waliokwenda shuleni na kuondoka, na huyu ni mwalimu atakayebaki darasani miaka thelathini. Lawrence Stenhouse alisema hilo kule Uingereza mwaka 1975, kwamba mwalimu awe mtafiti wa kazi yake mwenyewe, na sisi tunamnukuu katika kila mtihani wa somo la mitaala kisha tunawazika watafiti hao katika kabati la idara.

Sasa niseme la majina, maana siwezi kumlaumu mjomba wa binti huyu na kujiacha mimi. Mwanzoni mwa ualimu wangu wa chuo kikuu nilichukua tasnifu ya mwanafunzi mmoja, nikaifupisha, nikaipeleka kwenye jarida, jina langu likiwa la kwanza na lake la pili. Data zilikuwa zake. Wazo lilikuwa lake. Mimi niliandika utangulizi na kunyoosha lugha. Makala ile ilihesabiwa nilipoomba kupanda cheo, na nilipanda. Yule kijana alipoona jina lake limechapishwa alinipigia simu kunishukuru, na shukrani ile ndiyo inayonikosesha raha hadi leo, kwa sababu alinishukuru kwa kumwachia sehemu ya kilichokuwa mali yake yote.

Sikuwa peke yangu. Ni desturi iliyozoeleka kiasi kwamba kuitaja kunaonekana utovu wa adabu. Wahariri wa majarida ya tiba, ambao kundi lao lilianzia katika mkutano wa Vancouver, Kanada, mwaka 1978, wana kanuni iliyo wazi juu ya nani aitwe mwandishi: awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti au kukusanya na kuchambua data, awe ameandika au kuhakiki andiko kwa kina, awe ameridhia toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kilichomo. Kusimamia peke yake si uandishi. Katika makala hii ya kibao jina langu ni la pili, na nilijiuliza sana kama listahili hata hapo.

Msimamizi asipokuwepo, au akiwepo kwa ajili ya pointi zake, mwanafunzi huangukia kwa matapeli. Nawafahamu waliopokea ujumbe wa kuwaita "Mheshimiwa Profesa" wakiwa mwaka wa tatu, wakaambiwa makala yao itatoka ndani ya siku tano, wakalipa ada kwa fedha za bumu waliyopaswa kulia chakula. Makala zikatoka kweli, moja ikiwa na kosa la tahajia kwenye kichwa chake, bila mtu yeyote kuisoma. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado kule Denver, alijaribu kuorodhesha majarida ya aina hiyo, na orodha ikaondolewa mtandaoni Januari 2017 baada ya mivutano mingi. Hatuhitaji orodha ili kumlinda mwanafunzi. Tunahitaji saa moja ya kukaa naye, kumwonyesha mkusanyo wa majarida ya Afrika ulioko AJOL, kusoma naye toleo lililopita na kumuuliza: unaona dalili kwamba kuna mtu aliyezipinga makala hizi kabla hazijachapwa? Saa hiyo moja haimo katika mgawanyo wa kazi wa mhadhiri. Anayesimamia wanafunzi thelathini kwa mwaka, kama wengi wetu tunavyofanya, anaitoa usiku au haitoi kabisa.

Nirudi kwenye woga, kwa sababu ndio ulionileta kuandika.

Kuna wakati vijana wa chuo kikuu nchini hapa walichapisha kwa majina yao bila kusubiri ruhusa. Novemba 1969 wanafunzi wa Dar es Salaam walitoa jarida lao, Cheche, na miongoni mwa wahariri wake alikuwa Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati. Septemba 1970 jarida hilo lilitoa toleo maalumu lililobeba andiko refu la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anamaliza shahada ya kwanza ya sheria. Novemba mwaka huohuo likapigwa marufuku. Tunapenda kusimulia sehemu ya kwanza ya habari hiyo kwenye makongamano. Wanafunzi wetu huikumbuka zaidi sehemu ya mwisho.

Wala si lazima kurudi mbali hivyo. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilifanyiwa marekebisho yaliyofanya kuwa kosa kusambaza takwimu zinazopingana na takwimu rasmi. Juni 2019 kifungu hicho kilirekebishwa, na leo mtafiti hafungwi kwa kuhesabu mikono darasani. Lakini sheria huondoka haraka kuliko woga iliouacha. Mjomba wa mwanafunzi wangu pengine hakuwahi kuisoma sheria ile wala marekebisho yake, na hajui kwamba Ibara ya 18 ya Katiba inampa mpwa wake haki ya kutoa maoni na kusambaza taarifa. Anachokijua ni namna vikao vinavyokwenda, nani anaitwa "mkorofi," na jinsi jina linavyoweza kurukwa bila mtu yeyote kuandika sababu. Siwezi kumwambia kwamba anakosea. Sina ushahidi kwamba mwalimu yeyote amenyimwa ajira kwa sababu ya makala, na mjomba naye hana; woga wa namna hii hauhitaji ushahidi ili ufanye kazi yake.

Wasomaji wangu mlioko ofisi za elimu za wilaya na mikoa, ombi langu kwenu ni dogo. Barua ya kibali mnayompa mwalimu tarajali aingie shuleni iongezwe sentensi mbili: kwamba atatakiwa kurudisha matokeo shuleni na kwa afisa elimu, na kwamba kuyachapisha kwa kufuata maadili ya utafiti si kosa la kinidhamu. Haigharimu kitu. Na wenzangu wa vyuoni, tunapokaa kwenye kamati za kupandisha vyeo, tumuulize kila mwombaji mwenye makala zilizotokana na tasnifu za wanafunzi: mwanafunzi yuko wapi sasa, na jina lake ni la ngapi?

Nilimjibu siku ya tatu. Nilimwambia kwamba siwezi kuliondoa jina lake nikabaki na langu, maana hapo ningekuwa nimerudia kosa la zamani, safari hii kwa idhini ya mwenye mali. Tunaweza kuiondoa makala yote. Tunaweza kumwomba mhariri aisogeze hadi toleo la baadaye. Au tunaweza kuiacha itoke kama ilivyo, majina yote mawili. Uamuzi ni wake, na kwa uamuzi wowote nitamwandikia mhariri mimi mwenyewe.

Aliniandikia jioni ileile: "Na wewe Dokta, ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nikiwa na umri wake, sina kazi, wazazi wakinitazama, pengine ningeiondoa. Alijibu kwamba ameshukuru kwa kutomdanganya, na kwamba atanipa jibu baada ya usaili. Mhariri amekubali kutusubiri hadi mwisho wa mwezi. Usaili ni Alhamisi.